Sukari ya tupamela

Zamu hii ya kuandika ni ya siye wa upande wa ziwa, yaani wale wanaotoka Mantapala kwenda Mununga kununua chisense na kurudi kuiuza, pamoja na wachache waliopata mahali pa kulala hukuhuku Mununga. Tuko tisa. Tumeandika pamoja kwa simu mbili, na pale tuliposhindwa kukubaliana tumeacha ionekane.

Tunataka kuongea juu ya sukari. Nyuma ya sukari kuna kampuni, na nyuma ya kampuni kuna swali ambalo limetusumbua kwa muda: kampuni kubwa ya chakula inadaiwa nini na watu wanaokula chakula chake? Tumesema inadaiwa. Hatukusema inaweza kuwapa nini. Mtaona mbele juu ya nini tunakazia neno hilo.

Kwa wenzetu walio mbali, tupamela ni vile vipakiti vidogo vya plastiki vinavyofungwa fundo. Pale Mununga si wengi wanaonunua kilo nzima ya sukari. Mama wa meza anafungua mfuko wa Whitespoon, anapima kwa kijiko, anafunga, anapanga vipakiti juu ya meza karibu na chumvi na mafuta, navyo pia ni tupamela. Unanunua cha chai ya asubuhi, jioni unarudi tena. Mwisho wa mwezi maskini amelipa kilo moja kwa bei kubwa kuliko mwenye pesa aliyeinunua mara moja. Hilo hata mtoto anajua, lakini hakuna anayelisema kwa sauti, kwani yule mama naye anakula kupitia hizo ngwee chache, na kila siku mtu wa ushuru wa soko anapita na risiti zake.

Sukari hii ilitujua kabla hatujaijua Zambia. Wale waliotoka Pweto na Kilwa wanakumbuka mitumbwi ikivuka ziwa na mifuko yake. Wakati vita vilipochacha kwetu mwaka 2017 tukakimbilia huku, tukapita Kenani, na mwanzoni mwa 2018 tukapelekwa Mantapala, kitu cha kwanza ambacho hakikuwa kigeni kilikuwa ule mfuko wa sukari. Wazazi wa baadhi yetu walikuwa wameshakunywa chai yake katika kambi ya Kala, kule Kawambwa, wakati wa vita vya kabla.

Basi, mjadala ulianzaje? Kampuni moja ya vyakula, si ya sukari, na jina lake tunalihifadhi, ilikuja kugawa vitu. Daftari, sabuni, vikombe vya plastiki vyenye alama yao. Walitupanga mstari, watoto mbele. Walipiga picha nyingi. Mtoto mmoja aliambiwa arudishe kikombe ili apewe tena, kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Alikirudisha, akapewa, akatabasamu kama alivyoambiwa. Baadaye mzee mmoja wa jirani, fundi wa baiskeli, akatuuliza: "Hawa watu, huko kwao, wanalipa?" Hatukuelewa. Akasema tena: "Kutoa nimeona. Nauliza kama wanalipa."

Kampuni ile hatukuweza kuifuatilia, haina karatasi nyingi za wazi. Lakini kampuni ya sukari iko kwenye soko la hisa la Lusaka, na kampuni iliyo sokoni inalazimika kutoa hesabu zake kila mwaka. Kwa hiyo tukachukua sukari kama mfano. Si kwamba ndiyo mbaya kuliko zote. Ndiyo inayoonekana, na ndiyo tunayoinywa.

Sukari inatoka Nakambala, karibu na mji wa Mazabuka, Jimbo la Kusini. Kutoka Mununga ni safari ya kama kilomita elfu moja. Miwa inanyweshwa maji ya mto Kafue. Waingereza wa Tate & Lyle ndio walioanzisha shamba lile, na sukari ya kwanza ya Nakambala ilitoka 1968. Baadaye serikali ikawa na hisa nyingi, miaka ya 1990 ikauza, na mwaka 2001 kampuni ikaingia mikononi mwa Illovo ya Afrika Kusini. Leo inaitwa Zambia Sugar. Inaajiri maelfu ya watu, na pembeni yake kuna wakulima wadogo, kama wale wa Kaleya, wanaolima miwa na kuiuzia kiwanda.

Sasa shikeni kamba hii, tupande nayo juu. Mwenye hisa nyingi za Zambia Sugar ni Illovo. Mwenye Illovo ni Associated British Foods, kampuni ya London, ndio hao wenye chai ya Twinings na maduka ya nguo ya Primark. Walinunua zaidi ya nusu ya Illovo mwaka 2006, na mwaka 2016 wakamaliza sehemu iliyobaki. Mwenye zaidi ya nusu ya Associated British Foods ni kampuni ya familia inayoitwa Wittington Investments. Na mwenye karibu asilimia 79 ya Wittington, ndugu zetu, ni mfuko wa hisani, Garfield Weston Foundation, ulioanzishwa 1958. Hisani kabisa. Unatoa misaada kwa makumbusho, makanisa, shule na vikundi vya vijana huko Uingereza.

Tulisoma mara tatu. Mmoja wetu akacheka mpaka akatoka nje. Yaani sehemu ya faida ya kijiko cha mama wa Mununga, ikipanda ngazi zote hizo, inafika mahali inapogeuka kuwa zawadi, na zawadi ile inagawiwa katika nchi tajiri. Hatusemi ni dhambi. Ni mpango halali, na hao wanaosaidiwa huko nao ni watu. Tunasema tu kwamba neno "kampuni inayojali jamii" linataka kuulizwa: jamii ipi?

Na si Zambia peke yake. Wenzetu mlioko Nyarugusu, sukari ya Kilombero mnayoijua kwa jina la Bwana Sukari iko chini ya Illovo hiyohiyo, ingawa serikali ya Tanzania nayo ina hisa. Mlioko Dzaleka, sukari ya Illovo Malawi, ile ya Nchalo na Dwangwa, ni mlemle. Kambi tatu, nchi tatu, na chai yetu ina tajiri mmoja.

Mambo ya kodi sasa, na hapa tunaomba uvumilivu kidogo. Mwezi wa pili mwaka 2013 shirika la ActionAid lilitoa ripoti juu ya Zambia Sugar. Lilisema kwamba tangu 2007 kampuni ilikuwa imepata faida kubwa lakini kodi ya mapato iliyolipa Zambia ilikuwa ndogo mno, karibu na hakuna. Lilisema pesa zilikuwa zikitoka kwenda kwa kampuni dada za Ireland, Mauritius na Uholanzi kwa njia ya malipo ya usimamizi, riba ya mikopo na gawio la faida, na kwamba kwa njia hizo hazina ya Zambia ilikosa karibu dola milioni 17.7. Tena lilieleza kwamba kampuni ilikwenda mahakamani ikashinda haki ya kutozwa kodi kama mkulima. Mkulima alikuwa akilipa asilimia 15, baadaye 10, wakati kampuni ya kawaida ilikuwa ikilipa 35.

Kampuni ilikataa. Ilisema haikukwepa kodi, na kwamba kodi yake ilikuwa ndogo kwa sababu ilikuwa imewekeza pesa nyingi sana kupanua kiwanda cha Nakambala, na sheria ya Zambia inamruhusu mwekezaji kupunguziwa kodi kwa uwekezaji wa namna hiyo. Ilisema pia kwamba inalipa kodi za aina nyingine. Tunaandika majibu yake hapa kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu sehemu yake ni kweli: sheria inaruhusu. Hakuna mahali ActionAid ilipodai kwamba kampuni imevunja sheria. Njo maana jambo hili ni gumu. Mwizi unamkamata. Huyu hakuiba. Huyu alipita kwenye mlango ambao serikali yenyewe iliuacha wazi, kwa kushikwa mkono na wanasheria wazuri.

Tulipofika hapo tulitaka kujua: nani anaamua? Juu ya nini mkopo upite Ireland? Nani alinyosha mkono? Jibu ni bodi ya wakurugenzi. Na bodi, kwa sheria za kampuni karibu kila nchi, inajibu kwa wenye hisa. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. Wazambia wenye hisa chache kupitia soko la Lusaka wanaweza kuja kwenye mkutano wa mwaka, kuuliza, kupiga kura, lakini mwenye zaidi ya nusu akishasema, mambo yamekwisha. Mkata miwa hana kiti pale. Mkulima wa Kaleya hana kiti. Mama wa tupamela, ambaye bila yeye sukari isingefika kwenye kikombe cha Mununga, hata hajui kwamba kuna mkutano.

Basi ndipo watu wa kampuni, hata wale wenye nia nzuri, wanapoanza kuongea juu ya wajibu kwa jamii. Kule Nakambala kuna nyumba za wafanyakazi, kuna kliniki, kuna shule. Si uongo, na wafanyakazi wengi wa mashamba mengine wangependa kuwa navyo. Lakini angalieni vizuri: vitu hivi vinaamuliwa na bodi ileile, kwa kiasi inachotaka, mahali inapotaka, mpaka siku inapotaka. Kodi si hivyo. Kodi ikishalipwa inaingia hazina, na kutoka hapo, kama serikali haikuila (tunajua, tunajua, msituandikie), inaweza kufika mahali ambapo kampuni haitafika kamwe. Inaweza kuwa mshahara wa mwalimu wa Mantapala. Makazi yetu yalipangwa hivyo tangu mwanzo: mtoto wa mkimbizi na mtoto wa Mzambia wanakaa dawati moja, wanapimwa malaria kwenye kliniki moja. Zahanati ikikosa dawa, tunakosa wote. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kodi ya Zambia si mambo ya wakimbizi. Hatupigi kura, lakini foleni ya dawa tunapanga.

Siye wa kambi tuna ujuzi mmoja ambao wataalamu wa Lusaka hawana. Tumeishi kwa kupewa. Tunajua utamu wake na uchungu wake. Kitu cha kupewa hukichagui. Hukidai. Kikipunguzwa, unaambiwa kimepunguzwa, na unashukuru kwa kilichobaki. Mwaka ule msaada wetu ulipokatwa hatukuitwa kwenye mkutano wowote kabla, tulikuta tu kiasi kimebadilika, na mama zetu wakapanga upya sufuria: bukari mara moja kwa siku badala ya mbili. Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba tulikuwa tunadai. Mtu anayedai anaongea kwa sauti yake ya kawaida. Mtu anayepewa anaongea kwa sauti ya chini, na anatabasamu akiombwa.

Kuna jambo lingine katika sukari hiyohiyo ambalo lilitushangaza. Tangu 1998 sukari ya nyumbani ya Zambia inatiwa vitamini A, na sheria inataka hivyo, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakiikosa, na kuikosa kunaharibu macho na kudhoofisha mwili. Haya, vitamini ile inafika Mununga. Iko ndani ya tupamela. Mama anapopima kwa kijiko, anapima na vitamini. Hakuna aliyempanga mtoto mstari, hakuna mpiga picha, hakuna alama kwenye kikombe. Mkimbizi, Mzambia, mvuvi asiye na kitambulisho, wote wanaipata bila kumshukuru mtu. Wajibu ukiandikwa kwenye sheria unasafiri kilomita elfu moja ndani ya mfuko wa sukari. Zawadi inaishia pale gari la kampuni linapogeuzia.

(Kuna wanaosema, na wana hoja, kwamba sheria hiyo pia inamfaa mwenye kiwanda, kwani sukari ya nje isiyo na vitamini haiwezi kuingia kirahisi, na bei ya ndani inabaki juu. Inawezekana mambo yote mawili ni kweli. Bei tunaiona. Macho ya watoto tunayaona pia.)

Wazee wa Kongo walishayaona haya kwa sura mbaya zaidi. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa William Lever, Mwingereza wa sabuni, haki juu ya misitu ya michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na mji wake wa Kwilu ukaitwa Leverville, ambao leo ni Lusanga. Mkataba ulimtaka ajenge hospitali na shule, na Lever mwenyewe alipenda kusema juu ya kuwatendea watu mema. Lakini watu hawakutaka kupanda michikichi kwa mshahara ule, basi serikali ikawasukuma kwa nguvu na kwa kodi ya kichwa: huna pesa ya kodi, nenda ukakate ngazi. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na askari waliua mamia yao. Kampuni ile ndiyo mmoja wa mababu wa Unilever. Zambia Sugar si Leverville, hata kidogo, na hatutaki mtu aseme tumefananisha. Tunaleta habari hii kwa sababu moja: hospitali ilikuwepo. Ilikuwa imejengwa. Mtu angeweza kuipiga picha.

Je, nchi inaweza kuufunga ule mlango? Inaweza, lakini polepole. Mwaka 2020 mahakama ya juu kabisa ya Zambia iliipa ushindi mamlaka ya kodi dhidi ya Mopani, kampuni ya shaba, ambayo ilikuwa ikiuza shaba yake kwa ndugu yake Glencore kwa bei ya chini. Kesi ilikuwa juu ya miaka ya 2006 mpaka 2009. Hesabuni wenyewe muda uliopita. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa ameshafika umri wa sekondari.

Haya ndiyo tuliyokubaliana. Tulichoshindwa kukubaliana ni hiki: wageni wakija tena na daftari na vikombe, tuwapokee vipi? Watano wanasema tuwapokee vizuri, tuwape maji ya kunywa, halafu tuwaulize mbele ya watu wote maswali mawili: mwaka jana mlilipa kodi kiasi gani katika nchi hii, na mfanyakazi wenu wa chini anapata kwacha ngapi kwa mwezi. Wakijibu, tupige picha pamoja. Wakikataa, daftari tuchukue, picha tukatae. Watatu wanasema hapana, ni kujitafutia matatizo, mkimbizi hana mgongo wa kubeba ugomvi na kampuni, na mkuu wa makazi atatuita.

Wa tisa ni dada yetu anayetaka kusomea uuguzi. Yeye alisikiliza usiku wote akitoa mawe kwenye maharage. Mwishoni akasema: "Mtoto wa yaya wangu anaandika kwenye daftari la wale watu. Limebaki kurasa nne. Nyinyi mnaongea Ireland. Mimi nauliza la pili litatoka wapi." Hakuna aliyemjibu usiku ule, na mpaka tunaandika haya hatujakubaliana.

Wenzetu wa Nyarugusu na Dzaleka, tunaomba mtusaidie kitu kimoja. Mtuandikie hapa chini kilo ya sukari inauzwa bei gani kwenu wiki hii, na kipakiti kidogo kabisa kinauzwa bei gani na kina vijiko vingapi. Kama kuna anayefahamu mtu Mazabuka, atuulizie na kule, karibu na geti la kiwanda. Ya Mununga tunaipima Jumamosi, siku ya soko, kwa mzani wa samaki.